Kaka Yangu Alisema Ni Mbili

Mguu wa kaka yangu mkubwa ulibanwa kati ya lori na ukuta wa stoo ya kahawa pale Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, asubuhi, watu wakiangalia. Naanza hapo hapo, maana nikianza mbali sitafika. Mke wangu husema nikitumwa chumvi narudi na habari za nyumba tano na chumvi sina. Ni kweli. Shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu alimwambia baba kwamba mtoto huyu anasema sana na kuandika kidogo. Sasa nimezeeka, naandika, na bado nasema sana.

Ilikuwa kabla ya watu kuanza kunawishwa mikono kwa maji ya klorini pale mpakani, kwa hofu ya ule ugonjwa wa upande wa pili. Tulikuwa tumeteremsha kahawa kutoka Kyondo, kwetu mlimani, yake na yangu. Fuso lilikuwa limesimama kwenye mteremko, gurudumu limewekewa jiwe. Kaka alisimama nyuma yake kwa sababu hakuwaamini vijana wa kupakia. Alitaka kuona kila gunia lake likipanda kwa macho yake mwenyewe. Ndivyo alivyo. Hata harusini huangalia kwanza sufuria, bibi harusi baadaye. Basi jiwe likateleza. Lori halikukimbia, lilirudi nyuma taratibu, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti, na kaka hakuwa na pa kwenda.

Watu walipiga kelele, dereva akarukia ndani. Aliyenyamaza alikuwa yule yule aliyebanwa. Alisema tu, kwa Kikonzo, lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njia: "Sogezeni gari."

Walipolisogeza, mguu wa kushoto ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Damu haikutoka. Mimi nilifurahi kuona hakuna damu. Sikujua kwamba kuna mguu unaovuja nje na kuna mguu unaovujia ndani, na huu wa pili unaweza kukudanganya mpaka umechelewa.

Tuliufunga kwa vipande viwili vya mbao na leso ya mama mmoja muuza ndizi, tukamlaza kwenye pikapu ya mtu. Mwenye duka la dawa la pale barabarani akatoka mbio na sindano mkononi. "Mleteni nimpige diklofenaki! Atafika hospitali anacheka!"

Kaka akamjibu kutoka kule alikolala: "Jipige wewe. Mimi sina shida."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikawaza, kama ana nguvu ya kutania, basi ni mfupa tu, na mfupa unaungana.

Chumba cha dharura cha hospitali ya Bwera kilikuwa na vitanda viwili na pazia la maua katikati. Kitanda cha kwanza kilikuwa na mama wa Butembo, kule Kongo, mchuuzi wa vitenge, mnene, ameanguka kutoka kwenye pikipiki akavunja mkono karibu na kiwiko. Tulimsikia kabla hatujamwona.

"Mama yangu eee! Docteur! Mutoto ya batu, leta dawa! Ninakufa, njo ninakufa hivi!"

Daktari alikuwa msichana. Nasema msichana kwa sababu nina wajukuu wa umri wake, si kwa kumdharau. Alikuwa wa upande wa Masaka, na baba yake alikuwa mwanajeshi. Alikulia kambini, na Kiswahili chote alichokuwa nacho alikiokota huko. Moyo wake ulikuwa laini, lakini maneno yake yalivaa buti. Muuguzi anayejua Kikonzo alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa, amepeleka mwanamke mjamzito Kasese mjini. Kwa hiyo daktari akamkabili kaka kwa Kiswahili chake cha kambi.

"Wewe muzee! Maumivu ngapi? Sifuri ni hakuna. Kumi ni ile ya kufa. Sema!"

Kaka akasema, "Mbili."

"Mbili?"

"Mbili, afande."

Alimwita afande. Yule binti akacheka kidogo, akaandika. Kule nyuma ya pazia, mama wa Butembo akapaza sauti: "Mimi ni kumi na tano! Andika mimi, kumi na tano!"

Sasa hapa lazima nieleze hiyo mbili, maana bila hiyo habari yote haisimami.

Kwanza, sisi tulikua katika miaka ya magendo. Kahawa ilikuwa na bei Kongo, huku haikuwa nayo, kwa hiyo miguu yetu ilijua njia. Ukikutana na askari, anakuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya buti: una magunia mangapi? Hata kama unayo kumi, unasema mawili. Mbili ndiyo namba ya kumpa mtu anayekuuliza hivyo. Ukisema hakuna, anajua unadanganya. Ukisema matatu, anaanza kupekua. Kaka yangu alishalala chini mbele ya vizuizi vingi akisema mbili, na akarudi nyumbani mzima. Mtu wa namna hiyo humwulizi maumivu yake kwa Kiswahili cha kambi.

Pili, ni mambo ya tohara. Zamani kwetu haikufanywa kila mwaka. Inaweza kukaa miaka mingi, halafu siku ikitangazwa wanaingia wote, mtu mzima mwenye ndevu na mtoto mdogo, pamoja. Kaka na mimi tuliingia siku moja, yeye tayari kijana wa kuoa, mimi bado natoka makamasi. Tulisimamishwa bega kwa bega. Tuliambiwa tutazame mlima, hata kama wingu limeufunika, tutazame pale unapokaa, na jicho lisipepese mpaka kisu kimalize. Anayelia anaimbwa. Anaimbwa yeye, anaimbwa baba yake, na wakwe wa baadaye watausikia wimbo huo kabla hawajaona ng'ombe wala mbuzi.

Kaka alitazama mlima. Mimi nililia.

Lakini hakuna aliyeniimba, na sababu ni hii: sauti ilipotoka kwangu, kaka alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha mzee mwenye pumu, juu ya sauti yangu, akaifunika. Wanaume wakageuka kumwangalia yeye. Kukohoa si kulia, lakini kunakaribia, na wengine walimcheka kwa kikohozi hicho muda mrefu. Hajawahi kunikumbusha, hata tulipogombania mpaka wa shamba, na tuligombana vibaya. Mtu mwingine angekuwa amelitaja.

Nirudi kitandani.

Daktari alimwekea kaka kile kidude cha kubana kidole, chenye taa nyekundu. Akatazama namba, akamtazama kaka, akatazama namba tena. Akaniita pembeni. "Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake. Baba mmoja, mama mmoja."

"Moyo inakimbia kama ya mutu amefukuzwa. Mudomo inasema mbili. Nani anadanganya?"

Nikamwambia sijui mambo ya moyo, lakini kaka yangu hajawahi kusema namba kubwa mbele ya mtu mwenye cheo.

Hapo ndipo nilipoona jinsi madaktari wa dharura wanavyochagua dawa ya maumivu. Nilidhani ni kama duka: una maumivu makubwa unapewa kidonge kikubwa. Sivyo. Alimbonyeza tumbo na kumwuliza kama lina vidonda. Kaka akasema hapana. Nikasema ndiyo, alienda haja nyeusi msimu uliopita wa kahawa. Kaka akanikata jicho. Basi ile diklofenaki ya mtu wa barabarani ikaondolewa kwenye hesabu. Daktari alisema inachoma tumbo lenye vidonda, tena inachosha figo, na mguu uliobanwa hutupa uchafu kwenye damu ambao figo hizo hizo zitahangaika nao. Akasikiliza kifua. Akauliza kama amegonga kichwa, kama amelewa, kama amekula. Alimulika macho. Nilitaka kumwambia, mama, mguu uko huku chini. Baadaye ndiyo nilielewa: dawa kali inaweza kulaza pumzi ya mtu, kwa hiyo kabla ya kumpa lazima ujue pumzi yake ina nguvu gani.

Akamwekea dripu ya maji na panadoli ya kwenye mshipa. Akaufunga mguu kwa plasta ya nusu, upande mmoja tu, ili uwe na nafasi ya kuvimba. Kisha akaja na chupa ya plastiki yenye maji ya kijani.

Kaka alipoiona ile chupa aligeuza uso ukutani.

Na mimi niliijua. Dada yetu, aliyetufuata, alikufa na saratani ya tumbo la uzazi. Miezi yake ya mwisho watu wa huduma za wagonjwa walikuwa wakipanda kilima na chupa ya namna hiyo hiyo, maji ya kijani kwanza, halafu baadaye yakawa mekundu, yaliyo makali zaidi. Kwetu Kyondo ukiona chupa hiyo dirishani unaanza kuuliza mbao za jeneza zinapatikana wapi. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba dada hakufa na dawa, alikufa na ugonjwa, na dawa ilimsaidia tu kufika akiwa analala usingizi. Nasema hakuna aliyetuambia. Labda walituambia, tukawa tunaangalia chupa.

"Mimi sijafika huko," kaka akamwambia ukuta.

Daktari hakuelewa. Nikamweleza habari ya dada. Akakaa kwenye kitanda, miguuni pa kaka, jambo ambalo sikulitegemea kwa daktari. "Bambi," alisema, yaani pole kwa lugha ya kwao, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilivua buti. "Muzee, hii ni mofini. Ya dada ni hii, na ya mutu amevunja mufupa ni hii. Dawa haijui nani anakufa."

Kaka akaendelea kuutazama ukuta.

Pazia likasukumwa. Mama wa Butembo alikuwa ameketi, mkono umefungwa shingoni kwa kitenge kipya, lebo bado inaning'inia. "Docteur, leta hapa. Huyu muzee anaogopa maji." Akapewa kipimo chake kwenye kifuniko, akanywa, akakunja uso. "Iko chungu kama mukwe wangu. Ona, muzee, nimekunywa. Kama ni ya kufa, tutapatana mbele ya mulango ya mbinguni, utanishika mukono, mimi ni mujane."

Kaka, ambaye hakutikisika kwa lori, alitikisika kwa hilo. Alicheka puani. Akanyoosha mkono kuchukua kifuniko.

Lakini daktari akakivuta nyuma. "Ngoja. Sikia kwanza. Mguu hii inavimba ndani. Ndani nyama imefungwa kwa ngozi ngumu, kama mihogo umefunga kwa kamba. Ikivimba haina njia, inajinyonga. Kitu ya kwanza ya kutuambia ni maumivu. Rangi ikibadilika, vidole vikiwa baridi, hapo mguu amekufa tayari, tunakata. Dawa itashusha maumivu. Ikipanda tena juu ya dawa, unaniita. Hata kama niko nakula. Hata kama niko chooni. Umesikia?"

"Nimesikia," kaka akasema, akanywa.

Katika nyumba yetu, nimesikia maana yake ni nimesikia. Haina maana nyingine.

Alilala kidogo. Nilitoka nje nikanunua bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki kwa mama mmoja anayepika karibu na geti, nikala nikiwa nimesimama. Niliporudi, wakwe walikuwa wamefika. Habari huku haihitaji gari. Mume wa binti mkubwa wa kaka, anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii Mweya, alikuwa amekuja na sare yake bado, viatu vinang'aa. Mume wa binti wa pili alikuja na mkate na soda. Na baba mkwe wa binti huyo, mzee wa kanisa, alikuwa ameshika kofia kifuani kama yuko mazishini. Walisimama kuzunguka kitanda, wakaomba sala ndefu. Kaka akaitikia amina kwa sauti nzuri. Akawauliza habari za mvua. Akamwuliza yule wa Mweya kama ni kweli tembo waliingia tena kwenye mahindi ya watu.

Yule wa Mweya alikuwa bado anajibu kuhusu tembo nilipoona macho ya kaka.

Yalikuwa yameganda kwenye kona ya juu ya dirisha, pale fremu inapokutana na ukuta. Hakuna kitu pale, labda utando wa buibui. Mdomo ulikuwa ukisema "eeh, kumbe," "eeh, tembo," na jicho halipepesi. Mkono wake chini ya shuka ulikuwa umeshika chuma cha kitanda. Jasho lilikuwa limejaa kwenye mdomo wa juu. Niliyajua macho hayo. Niliyaona mara moja tu maishani, bega kwa bega.

Nilimwinamia sikioni. "Imerudi?"

"Nyamaza," akasema bila kusogeza jicho. "Wakwe wako hapa."

"Daktari alisema uite."

"Wataondoka saa hizi. Nyamaza."

Hawakuwa wanaondoka. Mzee wa kanisa alikuwa ndiyo kwanza ametafuta kiti. Nami nilijua kile kiti kikikaliwa, zinakuja habari za jengo jipya la kanisa, na baada ya kanisa barabara, na mguu uko pale unajinyonga chini ya shuka safi. Nikatoka. Kaka aliniita jina langu la utotoni, lile ambalo hakuna aliye hai anayelijua zaidi yake. Sikugeuka.

Daktari alikuwa anamshona mtoto paji la uso. Nilisimama mlangoni kwa heshima, halafu heshima ikanishinda, nikamwita kama daktari anavyoitwa huku. "Musawo, kaka yangu anatazama mlima."

"Anafanya nini?"

"Anatazama mlima, na chumba hakina mlima. Hapo ndipo anaposema mbili. Si mbili."

Hakuuliza zaidi. Alimaliza uzi uliokuwa mkononi, akaja. Hakumwuliza kaka namba. Alifunua shuka, akaubonyeza mguu upande ule usio na plasta. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu. Akashika kidole gumba cha mguu, polepole, kama mtu anayemshika mtoto mkono, akakipinda kuelekea juu.

Kaka hakupiga kelele. Lakini pumzi ilikatika, na chozi moja likatoka kwenye lile jicho lisilopepesa, likaingia sikioni. Wakwe waliliona. Yule wa Mweya akatazama viatu vyake.

Mama wa Butembo naye aliliona. "Lia, muzee!" akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Bakwe banaangalia, halafu? Mguu yako ni ya bao? Lia!"

Kaka akanigeukia mimi. "Umenivua nguo," akasema kwa Kikonzo.

Tangu hapo mambo yalikwenda haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa bado Kasese. Daktari alipiga simu, akasema maneno ya Kiingereza kwa ukali, akaweka simu mfukoni. Alisema mguu hausubiri gari, ataupasua yeye hapo hapo, auachie nafasi. Akaniambia mimi na mzee wa kanisa, kwa sababu mtu alipaswa kuambiwa: "Nitampa ketamini, dawa ya kumulaza. Yeye amekunywa mofini na amekunywa soda yenu. Ketamini haizimi pumzi kama zile zingine, na hapa sina mutu wa kumpumulia. Lakini inafungua mudomo. Atasema vitu. Atapiga kelele. Si yeye, ni dawa. Musimcheke."

Mzee wa kanisa akasema, "Hatuwezi kumcheka mkwe." Lakini nilimwona anaiweka kofia kichwani, kisha anaivua tena.

Chumba cha upasuaji kina madirisha ya vioo vya kupandana, na siku ile yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Sisi tuliketi kwenye veranda. Kwanza ilikuwa kimya. Halafu kaka yangu akamwita mama. Si mara moja. Alimwita kama mtoto aliyepotea sokoni, akilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Akamwambia mtu asiyekuwepo: "Bado! Usikate, bado! Sijawa tayari!" Akataja kisu. Akamlilia dada yetu. Akaimba mstari mmoja wa wimbo wa tohara, ule ule wanaoimbiwa waliolia, akajiimbia mwenyewe.

Wakwe hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Yule wa Mweya alisimama akasema anakwenda kununua muda wa maongezi, hakurudi mpaka kumekwisha. Mzee wa kanisa alifumba macho, sijui kama alikuwa anasali au amejifanya. Na mimi nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu zote, mpaka koo likauma. Lakini sauti ya mtu mmoja anayekohoa nje haifuniki sauti ya mtu anayelia ndani, mchana, madirisha wazi. Muuza chai wa pale akaniletea maji, akidhani nimepaliwa.

Daktari alitoka gauni limelowa. Alisema amefungua pande zote mbili. Nyama nyingine ilikuwa imerudisha rangi alipoifungua. Nyingine ilikuwa ya kijivu na haikurudi. "Mguu atabaki," alisema. "Lakini unyayo sijui. Tungechelewa kidogo tena, ningekata."

Sikumwambia kaka sentensi hiyo ya mwisho. Daktari mwenyewe ndiye aliyemwambia kaka alipoamka, naye akasema, "Asante, musawo," akageuka ukutani. Baadaye alimwuliza mama wa Butembo, siyo mimi, alisema nini alipokuwa ndani.

"Ulisema unanipenda," yule mama akamjibu. "Tutaoana Noeli."

Mungu ambariki mwanamke yule. Aliondoka kesho yake na mkono wake kwenye plasta, akanipa kipande cha kitenge cha kumfunika kaka.

Tulikaa hospitali muda mrefu. Mguu ulioachwa wazi unasafishwa, unafungwa, unasafishwa tena. Mimi nilipika nyuma ya wodi kwenye mafiga, nikamwogesha, nikamtoa nje akaote jua. Alikula nilichopika. Hakusema nami neno isipokuwa "leta" na "ondoa." Kila siku ya kusafisha, yule binti alikuja na swali lake: "Ngapi, muzee?" Naye akajibu, "Mbili." Daktari akaandika na kumpimia maji ya kijani kabla hajagusa bandeji. Akaniambia, "Mbili yake naijua sasa. Nikiisikia naleta dawa." Huo nao ni uchaguzi wa dawa, sidhani kama umeandikwa kwenye vitabu vyao.

Kaka alirudi Kyondo na fimbo. Unyayo unaning'inia. Akiinua mguu, vidole vinabaki chini vikiburuta, anajikwaa hata kwenye jani. Shamba lake la kahawa liko juu ya nyumba, kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria kwanza. Hajapanda tena. Watoto wake wanavuna, yeye anakaa mlangoni na kupiga kelele kwamba wanavunja matawi. Kwa wale wakwe hajakanyaga. Wakija yeye anaumwa tumbo, analala. Huo wimbo hakuna aliyeuimba, lakini yeye anausikia.

Na mimi nilikuwa naenda kwake kila nilipoweza, na kukaa kwenye benchi bila kusemeshwa. Mke wangu aliniuliza nafuata nini huko. Nikamwambia nafuata kahawa. Tunayo kahawa nyumbani.

Siku moja ya masika nilimkuta pale mlangoni, mguu ameuweka juu ya kigoda, umefunikwa kwa kile kitenge cha mama wa Butembo. Mlima ulikuwa umefungwa na wingu lote, hauonekani hata mguu wake. Nilimpa maharage niliyotumwa, nikaketi. Tukasikiliza mvua kwenye mabati. Nilikuwa karibu kuondoka aliposema, akiwa anatazama kule mlima unapokaa:

"Leo ni sita."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwangalia. Alikuwa anapepesa macho, kama mtu yeyote.

"Imeanza lini?"

"Tangu ile siku. Siku nyingine nne. Baridi ikija, saba." Akajikuna goti. "Ukishuka Bwera, pitia kwa yule msichana. Mwambie ni sita."

Yule msichana alikuwa ameshahamishwa. Nilikuwa nimepita pale na ndizi za kumshukuru, nikaambiwa amepelekwa kaskazini, wakanitajia wilaya ambayo sijui hata iko upande gani. Aliyekuja badala yake ni kijana mzuri, lakini hajui chochote kuhusu mbili ya kaka yangu. Nikamwambia kaka ukweli.

Akageuka kutazama ndani. Nyumbani mwake mlikuwa na panadoli chache kwenye kikombe, na mtu wa sindano yuko mbali chini ya kilima na sindano yake ya kuchoma tumbo. Maji ya kijani hayapandi Kyondo kwa mtu aliyevunjika tu.

"Basi ujue wewe," akasema.

Nikaondoa kitenge, nikauchukua ule unyayo uliokufa nusu, nikaupakata. Ulikuwa baridi. Niliusugua mpaka mvua ilipoisha, na nilipomwuliza ni ngapi sasa, alisema bado ni sita.